Pindo la Mzee wa Baraza

Tangu mkoa ukiitwa Arusha mpaka ulipozaliwa Manyara, mama yule mzee wa baraza ameketi kushoto kwa hakimu hapa Dirma, wala hajawahi kupaza sauti. Wazazi wakigombea mtoto, yeye husokota tu pindo la shuka kwa vidole vilivyokomaa kwa kukamua, ukadhani amesinzia. Siku ile kijana mfugaji alidai apewe mwanawe, kwa kuwa ng'ombe wa mahari alitoa wote. Vidole vya mama vikatulia.

“Mwanangu, ndama wako unamtenga na mama yake lini?”

“Mpaka aanze kula majani, mama,” akajibu upesi, kwa majivuno ya mwenye zizi. “Kabla ya hapo atakufa.”

Kwenye benchi mkewe alikuwa ananyonyesha. Kijana akamtazama, akaketi kabla hajaambiwa. Mama akarudia pindo lake.