Radi Ilipochukua Harusi ya Dada

Dada yangu alipoolewa alihamia Lubumbashi na mume wake, na nyumba yetu ya Mururu ikabaki kimya, kimya ambacho wazazi wangu hawakukizoea. Dawa yao ilikuwa filamu ya harusi. Mpiga picha alitupatia ikiwa ndani ya flashi ndogo, lakini Papa aliiita "kaseti", kama alivyoziita filamu zote za harusi tangu ujana wake. Kila Jumapili, tukitoka misa na kumaliza kula, kaseti iliwekwa. Mama alitaka kumwona dada akiingia kanisani. Papa alingoja sehemu ya jioni, pale alipocheza rumba na Mama ukumbini, na kila mara alituambia tutazame miguu yake, kana kwamba hatujawahi kuiona.

Jumapili moja ngurumo zilianza upande wa ziwa filamu ikiwa katikati.

"Papa, chomoa hiyo kintu, radi inakuja," Mama akasema.

"Ngoja kidogo, Maman. Tunakaribia kucheza."

Radi haikungoja. Ilipiga kilima cha jirani, taa ikawaka kupita kiasi kisha ikazimika, televisheni ikalia "paa!" na moshi ukatoka nyuma yake. Papa alichomoa flashi ingali moto, akaipuliza kama mtu anayepuliza kiazi kilichotoka jikoni. Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikafungua dirisha moshi utoke.

Kesho yake mimi na Papa tulipeleka vyote viwili kwa fundi mjini Kamembe. Aliifungua televisheni, akatuonyesha sehemu iliyoungua.

"Mzee, hii itapona," alisema. Kisha akaichomeka flashi kwenye kompyuta yake, akaichomoa, akaigeuza, akaichomeka tena. "Lakini hii imekufa. Iko kopi ingine?"

Hatukuwa nayo. Papa akasema mpiga picha lazima awe nayo, na siku hiyohiyo tukavuka daraja la mpakani kwenda Bukavu. Kijana yule alitupokea vizuri, akatupa viti, akatafuta ndani ya mashine yake mpaka nikamwonea huruma.

"Mzee, unisamehe. Harusi ni nyingi, mashine inajaa. Za zamani tunafuta."

Papa alimshukuru mara mbili, kama mtu aliyepewa kitu. Tulipokuwa tunarudi alisimama darajani, akaegemea chuma na kutazama maji ya mto Ruzizi.

"Dada yako nitamwambia nini?" akaniuliza.

Nilimshika mkono tukaendelea.

Mama alitusikiliza huku akimenya ndizi. Alimenya mbili, tatu. Halafu akaweka kisu chini.

"Kwani kwa harusi tulikuwa siye peke yetu? Batu bote balikuwa na simu mukononi, mpaka padri akakasirika!"

Akaanza kupiga simu hapohapo. Alimpigia shangazi wa Giheke, akawapigia wakwe wa Bukavu, na kule sokoni anakouza alimweleza mama wa Kiislamu ambaye meza yake ya vitenge imegusana na ya Mama, maana naye alihudhuria harusi pamoja na binti zake. Vipande vikaanza kuingia kwenye simu ya Mama. Vingi vilitikisika. Kimoja kilikuwa sakafu tupu na sauti ya kwaya. Rumba ya Papa ilipatikana, lakini mbele ya simu kulikuwa na kilemba kikubwa cha bibi mmoja, na Papa alionekana kiwiko tu. Alikitazama kwa makini.

"Hata hivyo," alisema, "kiwiko kinajua muziki."

Kipande cha yule jirani wa sokoni ndicho kilichotukalisha chini. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, nyuma ya ukumbi. Katikati ya masufuria anaonekana Papa, peke yake, akijipangusa macho kwa aproni ya mpishi. Dada anaingia, gauni jeupe amelishika juu lisiguse majivu.

"Papa, unalia?"

"Ni vitunguu."

"Vitunguu gani? Chakula kilishapakuliwa."

Wanacheka, dada anaweka kichwa begani kwake, na wanabaki hivyo mpaka mtu fulani anamwita bibi harusi. Kumbe sisi wengine hatukujua kabisa. Mpiga picha hakuwahi kufika jikoni.

Mama aliomba kirudiwe. Alipokwisha kukiona mara ya pili alimgeukia Papa.

"Uliniambia ulikwenda kuangalia wali."

"Niliuangalia," Papa akajibu, naye akatazama dirishani.

Mama alisogeza kiti chake, akakaa karibu naye, na mimi nikapewa kazi ya kumtumia dada kile kipande.

Dada alipiga simu muda si mrefu. Mama akaweka sauti ya juu, tukainamia meza wote watatu, tukamsikia dada akivuta makamasi kule mbali. Papa ndiye aliyeanza. Alimwuliza leo amepika nini.

"Sombe, Papa."

"Umeweka mawese?"

Ameweka kwenye kisamvu hicho, lakini mafuta ya mawese ya huko si kama yetu, alisema dada, na Mama akamnyang'anya Papa simu ili amweleze namna ya kuyachagua.