Alama ya Gumba kwenye Titani

Pale maabara hakuna aliyethubutu kumkaribia Mama Glavu akiwa na mikono mitupu. Kazi yake, kwa miaka ishirini na mbili, ilikuwa kupanga matabaka: analaza karatasi ya titani, juu yake anatandaza nyuzi nyeusi nyembamba kama unywele, kisha titani tena, kisha nyuzi tena, mpaka yatimie matabaka kumi na sita. Rundo hilo huingia kwenye tanuri lililonyonywa hewa yote, likashindiliwa kwa moto mkali, na humo hutoka bamba moja, jepesi na gumu ajabu, la kutengenezea injini za ndege. Ila titani ina maringo yake. Ukiigusa kwa kidole kitupu, jasho na mafuta yako hubaki pale, na matabaka yakakataa kushikana. Ndiyo maana ukiingia bila glavu, hata uwe nani, mama huyo alikupa vidonge vyako mlangoni. Wakurugenzi wawili walishavimeza.

Aliyevimeza kuliko wote alikuwa mwendesha tanuri, mdogo wa mumewe, bwana mpole asiyeishiwa utani. Mama Glavu alidai kwamba shemeji yake ana mikono ya muuza samaki, na alilisema hilo mbele za watu.

Siku walipokuja wageni kutoka kiwanda cha injini, mambo yaliharibika mchana kweupe. Injinia, dada aliyelihangaikia bamba lile miaka minne mizima, alifunga kipande chake kwenye mashine ya kuvuta, na kikakatika kabla hakijafika hata nusu ya nguvu iliyotarajiwa. Mzee aliyewaongoza wageni hakukasirika. Alisema kitu kukatika si ajabu, lakini wao hawarushi angani kitu ambacho mtengenezaji wake hajui kwa nini kimekatika. Aliwapa mpaka Ijumaa wamletee chanzo. Wakishindwa, kazi ingepelekwa kwingine na kitengo cha Injinia kingefungwa.

Mama Glavu hakuhitaji kungoja Ijumaa. Pale kantini, sahani mkononi, alitangaza kwamba mwenye makosa anajulikana, na ni yule wa mikono ya samaki. Shemeji aliinamia chakula chake akasema sawa, shemeji.

Kesho yake Injinia aliweka kipande kilichokatika chini ya hadubini. Kwenye skrini, pale matabaka yalipoachana, ikatokea mistari myembamba iliyopinda. Ilikuwa alama ya kidole, wazi kabisa. Mama Glavu alimgeukia shemeji, mdomo tayari umeshafunguka, kisha akatazama tena. Katikati ya mistari ile ulipita mkwaruzo wa mshazari.

Mkwaruzo ule aliufahamu. Ulikuwa kovu la gumba lake mwenyewe, alilojikata kwa kisu miaka mingi nyuma, siku ambayo shemeji huyohuyo alimchekesha akiwa anamenya vitunguu. Hapo akakumbuka yote. Simu ilikuwa imelia akiwa kwenye karatasi ya tisa. Alivua glavu ili aipokee, binti yake akamwambia amejifungua salama, akalia, akafuta machozi, akarudi kazini.

Injinia alikuwa anaandika kwamba chanzo ni uchafu, mhusika hajulikani. Jibu kama hilo mzee wa kiwandani asingelikubali, na Mama Glavu alilijua hilo. Alijua pia kwamba amebakiza wiki sita astaafu, na kwamba humo ndani hakuna mwingine aliyewahi kulichunguza gumba lake. Aliona aibu kubwa. Alivua glavu ya kulia, akasogeza gumba karibu na skrini.

“Andika ni mimi,” alisema. “Na saa uiandike. Mjukuu wangu alikuwa amezaliwa dakika hiyohiyo.”

Hakuna aliyecheka. Shemeji alilisogelea gumba lile, akalitazama.

“Nilikuona ukipokea simu. Nikadhani umeivaa glavu tena. Nani angemkagua Mama Glavu?”

“Nisamehe kwa ya kantini, shemeji.”

“Ya kantini yamekwisha. Ya samaki nitayafikisha kwa kaka.”

Ijumaa mzee wa kiwandani aliisoma ripoti mara mbili, akauliza bamba jingine litapangwa lini na nani. Injinia alijibu Jumatatu, kisha bila kusita akamwelekezea mkono Mama Glavu.

Jumatatu asubuhi mama alimkuta shemeji amesimama katikati ya mlango wa maabara, kifua mbele.

“Mikono,” alisema shemeji.

Mama Glavu, ambaye alikuwa hajawahi kukaguliwa na mtu, aliinua mikono yote miwili yenye glavu. Shemeji aliigeuza mbele na nyuma, taratibu, akifurahia kila sekunde.

“Na simu.”

Aliitoa mfukoni, ila kabla ya kumkabidhi alimwonyesha picha ya mtoto. Shemeji aliitazama kwa muda mrefu, akaizima simu, akaifungia kabatini. Ndipo akampisha aingie kazini.