Bendera ya Nyangeta

Mwanzoni mwa Desemba, Kiabakari yote ilinukia pasi ya mkaa. Mvua za vuli zilikuwa zimelowesha vifusi vya mgodi wa zamani nyuma ya shule yetu, nguo hazikauki kambani, na akina mama walipiga pasi sare mbichi hadi mvuke wa kaki ukatambaa mpaka barabarani. Shule zilikuwa zimefunga. Sisi wa darasa la sita tulibakizwa wiki nzima kwa mazoezi ya gwaride, kwa sababu siku ya Uhuru tungepanda lori la kubebea pamba kwenda Butiama, kupita mbele ya watu wa tarafa nzima. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna nilichokitaka duniani kama kuibeba bendera ya shule.

Mwalimu Wambura, mwalimu wetu wa darasa, alikataa kuteua mbebaji. Alitueleza kuwa Uhuru ule tuliokuwa tukiusherehekea ulitanguliwa na kura, kwamba watu walisema walichokitaka kwa vipande vya karatasi. Akachana kurasa za daftari, akatoboa boksi la chaki, nasi tukapita mmoja mmoja. Alihesabu kwa sauti huku akichora vijiti ubaoni. Mimi nilipata kumi na nne. Nyangeta, binti wa wafugaji aliyetembea zaidi ya saa nzima kila asubuhi kuja shule, alipata thelathini na mbili. Hatua zake zilikuwa sawasawa, na aliwafundisha wenzake wasiojua kugeuka nyuma bila kuwacheka. Mimi nilikuwa nawacheka. Kesho yake mwalimu mkuu alikuja uwanjani, akamtazama Nyangeta miguuni.

“Huyu hana viatu,” alisema. “Bendera atabeba Nyamisi.”

Nyamisi ni mimi, na baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Mwalimu Wambura alirudi kunyoosha mistari. Nyangeta alinikabidhi ule mti wa bendera, akaenda kusimama mstari wa nyuma. Sitajidanganya: nilifurahi. Furaha hiyo nilitembea nayo hadi nyumbani, ingawa njia nzima hakuna mwenzangu aliyenisemesha.

Bibi, mama yake baba, alikuwa ameketi mkekani akimenya mihogo. Nilimweleza yote kwa kujigamba, hata ile habari ya kura, maana niliona haina uzito tena. Kisu chake kilisimama.

“Kwa hiyo mliyemchagua ni yule mwingine.”

“Ndiyo, Bibi. Lakini hana viatu.”

Akaanza kusimulia kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka. “Babu yako alikuwa karani pale mgodini, ndiyo maana walimwandikisha apige kura. Mimi hawakuniandikisha. Wakati ule ilikuwa mpaka uwe na kipato, au uwe umesoma, au uwe na cheo. Wengi tulikuwaga tunakaa nje tu, tunangoja kusikia wengine wametusemea nini.”

“Mliumia?”

“Tuliumia. Lakini sikia, mjukuu wangu. Mwingereza alikuwa na bunduki, alikuwa na jela. Zile kura zilipohesabiwa akaona ameshindwa, akakubali. Wewe una nini, hata usikubali?”

Akaendelea kumenya mihogo. Nilisubiri anigombeze zaidi, hakunigombeza. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilikuwa nimeiandika methali hiyo daftarini mara nyingi na kupewa vema, lakini sikuwahi kudhani inanihusu. Siku mbili zilizofuata nilifanya mazoezi na ule mti ukanielemea mabega kama mzigo wa kuni mbichi.

Siku ya Uhuru, Butiama kulikuwa na turubai, ngoma, na harufu ya maandazi. Baba alikuwa ameketi kwenye viti vya wageni, amevaa koti lake la harusi. Shule iliyotutangulia ilipoanza kuingia uwanjani, nilitoka kwenye nafasi yangu nikaenda mstari wa nyuma, nikamnyooshea Nyangeta bendera.

“Mwalimu mkuu atanichapa,” alisema.

“Atanichapa mimi.”

Aliangalia miguu yake, kisha akaniangalia. “Na viatu?”

“Nenda hivyo hivyo. Hatukupigia kura viatu.”

Akaushika ule mti kwa mikono miwili, akaenda mbele. Tuliingia uwanjani nikiwa mstari wa nyuma, na sijapata tena kusikia darasa letu likikanyaga ardhi kwa pamoja namna ile. Baba alipomwona Nyangeta mbele, alinitafuta kwa macho hadi akanipata, halafu akainamisha kichwa. Hakunisemesha hadi Krismasi. Januari, shule ilipofunguliwa, mwalimu mkuu alinichapa viboko vinne, navyo nilivipokea bila kulia.

Leo naishi Kitaji, mjini Musoma. Watoto wa mtaa wetu wana viatu, wengine jozi mbili, na gwaride la Uhuru wanalitazama kwenye runinga wakiwa wamejilaza. Ni jambo jema. Sitamani mtoto yeyote akanyage tope ndipo aijue nchi yake. Lakini mwaka jana binti yangu alirudi kutoka shuleni akasema darasa lao limepata kiongozi mpya.

“Kura mlizopiga zilihesabiwa mbele yenu?” nilimuuliza.

“Hapana, Mama. Madamu alitusomea tu jina.”

Asubuhi niliongozana naye hadi shuleni. Niliketi kwenye benchi la nje ya ofisi, nikaombwa nirudi siku nyingine, nikasema nitangoja. Saa tano boksi la kura likaletwa darasani, karatasi zikahesabiwa kwa sauti, na vijiti vikachorwa ubaoni. Jina lilikuwa lile lile alilosoma mwalimu. Ila safari hii watoto walikuwa wameliona likitoka boksini, na walipiga makofi.