Komba wa Mama Mdogo Zaina: Kutoka Mahabibo hadi Dzamandzar

Magoti ya mama yangu ndiyo yaliyonipeleka Bukini, yaani Madagaska. Yeye asingeweza tena kupanda ngazi ya ndege, na mdogo wake, Zaina, alikuwa amebaki Mahajanga tangu ile miaka ya sabini Wangazija wengi walipoukimbia mji ule kwa sababu ya fujo. Mama aliondoka msichana, akafikia Moroni, kisha akaolewa Unguja. Zaina alikuwa na mume mwenyeji, akabaki. Tangu hapo wakawa ndugu wa barua. Sasa barua ya mwisho ilileta jambo lililomkaa mama rohoni: Zaina na mwanawe wa pekee, Nurdini, walikuwa hawasemezani, mwaka wa tatu huo.

“Nenda ukamwone mdogo wangu,” mama aliniambia. “Na usiniletee salamu. Niletee habari.”

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, nikisomesha Kifaransa shule ya sekondari. Likizo ya Juni ilipoanza, nikaondoka na sanduku moja na furushi la kanga.

Mahajanga nilifika adhuhuri, kwa ndege ndogo kutoka Moroni. Mtu mmoja alinivuta kwa posiposi, kigari cha magurudumu mawili, mpaka Mahabibo, mtaa wa ndani wenye vichochoro na vijiduka. Niliposikia kwamba jina la mtaa ni korosho kwa lugha yao, nilicheka peke yangu; ni mabibo yetu yaleyale, yamevaa nguo nyingine. Mitaani walisema Kimalagasi, na Kifaransa dukani. Lakini nilipobisha kwenye mlango wa bati wa samawati, sauti iliyonijibu ilikuwa ya Kingazija, na ilikuwa sauti ya mama yangu hasa, kama kwamba ametangulia kufika.

“Kwezi,” nikamwamkia, kama nilivyofunzwa.

Mama mdogo alinitazama usoni, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anayechagua papai. “Una pua ya dada,” akasema. “Ingia ule.”

Tulielewana kwa Kingazija changu cha kuvunjikavunjika. Alipokwama aliingiza Kimalagasi, na mimi Kiswahili, tukakutana njiani. Alikuwa akiuza mokary, mikate midogo ya mchele na nazi ambayo sisi tungeiita vitumbua. Kila asubuhi aliamka alfajiri, akauza mpaka saa tatu, akaosha vyombo. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mwanamke wa rika lake. Alikwenda dirishani, akachukua betri nne alizozianika juani ili zipate nguvu, akazitia kwenye mashine ndogo ya michezo, akavaa miwani, akakaa juu ya mkeka. Mashine ikaanza kuimba kwa sauti nyembamba.

“Ya nani hiyo, Mama Mdogo?”

“Ya Nurdini. Namchungia wanyama wake.”

Nikasogea nitazame. Ulikuwa mchezo wa viumbe: mtu mdogo anatembea njiani na wanyama wake sita. Akiingia kwenye majani marefu, mnyama wa porini humtokea, na mmoja wa wale sita hupigana naye. Kila wanaposhinda, hupata maarifa kidogo. Maarifa yakijaa, namba iliyo kando ya jina la mnyama huongezeka. Nurdini aliwapa majina ya Kimalagasi. Fano alikuwa kasa. Biby alikuwa kiwavi, na jina lake maana yake ni mnyama tu, lakini kila alipotajwa mimi niliona bibi kizee. Wa kwanza katika safu alikuwa Komba, kinyama cha macho ya mviringo na mkia wa pete.

Marehemu mume wa mama mdogo, baharia wa meli za mizigo, ndiye aliyemletea mwanawe mashine ile kutoka Reunioni. Nurdini alipofika miaka ishirini alitaka kuvuka kwenda Mayotte, kisiwa cha Wafaransa, kwa mashua za magendo, zile zinazozamisha watu. Mama mdogo akazificha karatasi zake zote: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, kila kitu. Wakagombana mpaka majirani wakatoka nje. Siku ya pili kijana alipanda gari akaenda kaskazini, kisiwa cha Nosy Be, akapata kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Dzamandzar. Mashine aliiacha juu ya kabati.

“Nilipoiwasha mara ya kwanza, Komba alikuwa na kumi na mbili,” alisema, akinionyesha namba. “Tazama sasa.”

Ilikuwa arobaini na saba.

Kwa miaka mitatu hakuwahi kutoka kwenye kijiji cha mwanzo cha mchezo. Herufi za Kifaransa hakuzijua. Alijua herufi za Kurani tu, ndizo alizomwandikia mama barua zake. Darajani palikuwa na mlinzi aliyemwambia maneno kwa maandishi, naye kwa kutoyaelewa alirudi nyuma kwa adabu. Basi alikwenda na kurudi katika konde moja la majani, akipigana na vidudu vilevile dhaifu, kila asubuhi baada ya mokary.

Siku ya nne nilimwambia kwamba nakwenda Nosy Be kumwona Nurdini. Aliifunga mashine ndani ya kitambaa, akanipa. “Mpelekee. Mimi siendi nisikoitwa.”

Lakini asubuhi nilipofika kwenye kituo cha magari, nilimkuta ameshakaa kiti cha nyuma ya dereva, kikapu magotini. “Nipe hiyo,” akasema. “Utaidondosha.”

Kutoka Mahajanga barabara ilikuwa njema hadi njia panda ya Ambondromamy. Baada ya hapo lami ikawa ya kubahatisha. Karibu na Antsohihy gari lilipasua gurudumu, tukakaa chini ya banda la muuza mihogo ya kuchemsha. Mama mdogo akatoa mashine, na ndipo nilipoiona siri yake. Komba alishinda, namba yake ikapanda hadi arobaini na nane, na ghafla kioo kikaanza kumetameta. Umbo la Komba likawa jeupe, likavimba, likataka kuwa kitu kingine. Kufumba na kufumbua kidole cha mama mdogo kikabonyeza kitufe. Mmeto ukakatika. Komba akabaki vilevile, na macho yake ya mviringo.

Nikayasoma maneno kwenye kioo. “Mama Mdogo, alikuwa anataka kukua. Umemzuia.”

“Najua.”

“Hufanya hivyo kila mara?”

“Kila mara, na wote sita.” Hakunitazama. “Nurdini akirudi akute majitu asiyoyajua, atasema hawa si wangu.”

Muuza mihogo alikuja kutuuliza kama tunataka pilipili.

Ambanja tulifika siku ya pili, kati ya mashamba ya kakao, na kutoka gatini Ankify boti la mashine likatuvusha haraka hadi Hell-Ville, mji wa Nosy Be. Kisiwa kizima kilinukia langilangi. Nilikuwa nikiifahamu harufu ile kwa vikuba vya maua vya kwetu, lakini hapa ilikuwa ikitoka mashambani, imechanganyika na vumbi. Tulipoikaribia Dzamandzar ikazidiwa na harufu ya miwa iliyochemka. Bomba la kiwanda lilikuwa bado likitoa moshi siku hizo, na reli nyembamba za mabehewa ya miwa zilikatiza kati ya nyumba za wafanyakazi.

Nyumba ya Nurdini tulionyeshwa na wauza samaki. Alitufungulia mwanamke kijana aliyejifunga lambahoany, kanga yao, ya manjano. Alijitaja: Soazara, mzaliwa wa Ambanoro, mke wa Nurdini. Mke! Nilimweleza kwa Kifaransa kwamba mimi ni binamu wa mumewe kutoka Unguja, na huyu ni mama yake.

Soazara alimtazama mama mdogo, kisha mimi. “Samahani, dada,” akasema polepole. “Mume wangu aliniambia hana mama.”

Niliomba mama mdogo asiwe amesikia, lakini Kifaransa cha kusikia alikuwa nacho. Alikaa kwenye kizingiti, kikapu mapajani, akatazama reli. Soazara alileta maji, akamletea na mto wa kuegemea, akarudi ndani akilia. Nikawaza namna ya kumpelekea mama yangu habari hii.

Saa sita king'ora cha kiwanda kikalia, wafanyakazi wakatoka. Mama mdogo akasimama kabla mimi sijamwona yeyote.

“Yule,” akasema.

Nilimwona mwanamume mpana, mwenye ndevu na kovu la moto mkononi. Alipofika hatua kumi kutoka kwetu, akasimama. Mama mdogo akatoa kwenye kikapu bahasha ya khaki.

“Karatasi zako,” akasema. “Zote zimo. Ukitaka kwenda, nenda. Niliogopa bahari, nikakufanya mfungwa. Nimekosa, mwanangu.”

Mimi sikujua kwamba ameibeba. Nurdini aliipokea, hakuifungua.

“Nilimwambia Soazara huna uhai, mama.”

“Nimesikia. Umeshaniua, sasa nipishe nikae, miguu inaniuma.”

Nurdini akacheka, na katikati ya kicheko akalia, akainama kumbusu mkono.

Alasiri, baada ya wali na samaki wa nazi, mama mdogo alimkabidhi mashine. Nurdini aliwapitia wanyama mmoja mmoja, akishangaa namba, kisha akakunja uso.

“Wana nguvu za kupindukia, na bado watoto! Kwa nini hawakukua?”

“Niliwazuia. Ungewajuaje?”

“Na mimi leo, na ndevu hizi, umenijuaje?”

“Kwa mwendo,” akajibu. “Nilikujua tangu kule relini.”

Nurdini aliwaingiza wanyama kwenye majani, akapigana mara nyingi, sisi watatu tumemzunguka, mpaka namba ya Komba ikapanda na kioo kikaanza kumeta. Mama mdogo aliikalia mikono yake yote miwili. Komba akawa mweupe, akavimba, akatokea jitu la manyoya, lenye meno nje na mabega kama ya mchukuzi wa bandarini.

“Astaghfirullahi!” mama mdogo akapiga kelele. “Mbaya kama baba yako!”

Soazara alicheka hadi akajishika mbavu.

Siku ya kurudi niliondoka peke yangu. Mama mdogo alisema atabaki wiki mbili. Alibaki miezi minne, akawafunza wanawake wa Dzamandzar kupika mokary. Nurdini hakwenda Mayotte. Unguja nilimkuta mama barazani, nikampa habari yote, bila kuficha lile la mlangoni. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba nimsimulie tena tangu kizingitini. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kumpenda mwenzake kwa kazi ngumu ya kila siku, na kazi hiyohiyo ikawa imekosea njia, na bado isiwe ya bure. Hilo sikulisoma chuoni.

Miaka ikapita. Kiwanda kilifungwa, Nurdini akahamia Mahajanga na familia yake, akafungua karakana ya kuchomea vyuma. Siku moja alinipigia simu, sauti imemwishia. Kile kibetri cha ndani ya mchezo, kinachohifadhi kila kitu, kilikuwa kimekufa. Alikuwa ameweka kipya, lakini Komba, Fano, Biby, wote walikuwa wamefutika, na alikuwa amemaliza saa nzima uani akiogopa kuingia kumwambia mama yake.

“Ukamwambia?” nikamuuliza.

“Nilimwambia. Akavaa miwani, akatazama kioo, akauliza kinasema nini. Nikamwambia, mama, kinataka jina la mchezaji. Akauliza, zamani kilikuwa na jina la nani? Nikasema langu.”

“Halafu?”

“Akasema: ‘Basi andika Zaina. Kisha nisomee mlinzi wa darajani anataka nini.’”