Ufunguo wa Jiko la Kanisa

Kwetu Harmsen, Nebraska, mtu akikukaribisha kitu hukipokei papo hapo. Unakataa mara ya kwanza kwa adabu, unakataa mara ya pili kwa kusitasita, na mara ya tatu ndipo unanyoosha mkono. Hakuna aliyefundishwa jambo hili, tunakua nalo.

Shangazi yangu, Arlys Tiedemann, alishika ufunguo wa jiko la kanisa tangu kabla sijazaliwa. Kila palipotokea msiba, ni yeye aliyeoka viazi kwa jibini, akakata paja la nguruwe na kuwachemshia wafiwa kahawa. Zamani alikuwa na wanawake wenzake pale jikoni. Baadaye alipika katika misiba yao, mmoja baada ya mwingine. Shule ilifungwa, vijana wakahamia Omaha, na waliobaki hufa zaidi wakati wa baridi. Vidole vyake vilikuwa vimepinda, na goti moja halikukunjika tena.

"Mwaka huu nauachia, mwanangu," aliniambia. "Wakiniuliza tu, nauachia."

"Si uwaambie mwenyewe?"

"Niseme nimechoka? Mbele za watu?" Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo.

Januari, katika mkutano wa mwaka wa kanisa, alikuja na ufunguo mfukoni, akiupapasa. Mchungaji Whitcomb, aliyekuwa ametufikia karibuni kutoka New York, alisimama.

"Mama Arlys, umetutumikia sana. Tukutafutie mtu akupokee?"

"Aa, msijisumbue."

"Una hakika?"

"Mimi nipo tu. Masufuria hayajanishinda."

Ukumbi mzima ukangoja. Hata mzee Delmar Vossler, ambaye kwa kawaida hulala mikutanoni, alifumbua jicho moja. Mchungaji akatabasamu.

"Basi, Mungu akubariki!"

Akaanza kupiga makofi. Nasi, kwa kuwa isingekuwa adabu kumwacha apige peke yake, tukapiga. Kisha akamkabidhi zawadi: aproni mpya ya bluu, iliyotariziwa jina lake kifuani.

"Jamani, hamkupaswa," alisema Shangazi.

Kwenye ngazi, Delmar alimngoja. "Arlys, sasa umepigwa chapa kama ng'ombe wangu. Huendi popote."

"Nenda zako, Delmar. Ukifa nitakuunguzia viazi."

Delmar alikufa kabla theluji haijayeyuka. Viazi havikuungua.

Jioni ya mazishi nilipitia kanisani kutoka karakana ninakochomelea vyuma. Wafiwa walikuwa mlangoni wakiagana, na kama ilivyo kwetu, waliagana kwa muda mrefu, wakirudia habari zilezile wakiwa wameshavaa makoti. Shangazi nilimkuta jikoni, ameegemea karo, masinia machafu yamepangana kandoni mwake.

"Shangazi, nipe ufunguo nifunge mimi."

"Usisumbuke, mama."

"Nenda ukapumzike. Nitaosha na kufunga."

"Mimi nipo tu."

Bomba lilikuwa likichuruzika. Mgongo wangu uliniuma, maana nilikuwa nimeinama juu ya chuma tangu asubuhi, na kwa kweli nilitamani kitanda changu. Nilijua vilevile kwamba nikinyamaza hapo, hatapatikana mwingine wa kuuliza.

"Naomba ufunguo, Shangazi."

Ulikuwa kiganjani mwake tayari, umeshapata joto. Aliuweka mkononi mwangu, akaivua ile aproni yenye jina lake, akanivika shingoni, akanizunguka na kufunga kamba kwa nyuma, polepole, kwa vidole vile vilivyopinda. Mimi nilikuwa nimekusudia jioni ile tu. Nilifumbua kinywa nimweleze hivyo.

Lakini alikuwa ameshaketi. Alivuta sahani, akajipakulia viazi vilivyobaki, vimepoa, akaanza kula. Sikuwahi kumwona akila ndani ya jiko lile.

"Chumvi imezidi kidogo," alisema. "Utapunguza."

Nikakunja mikono ya shati, nikafungulia maji ya moto.