Nani Kafa?

Nilipomwomba msimamizi wetu wa mashine ya kukoboa mpunga, hapa Kyela mjini, ruhusa ya siku moja, aliniuliza jambo moja tu: "Nani kafa?"

Nikamwambia hajafa mtu. Binti yangu anaanza darasa la kwanza Jumatatu, sketi haijashonwa wala nywele hajanyolewa. Akacheka. Akasema hiyo si sababu.

Si sababu! Juzi tu mwenzangu kafiwa na shemeji wa jirani yake kule Makwale, akapewa siku tatu, na gari la kumfikisha msibani. Kumbe mtoto wangu kosa lake ni kuwa mzima!

Sikubishana naye. Ijumaa sikwenda kazini. Nilishinda kwa fundi cherehani, binti yangu akijizungusha mbele ya kioo na sketi mpya, akinishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mama! Ndaga!" mpaka fundi akaangua kicheko.

Jumamosi niliporudi kazini, mlinzi wa getini alivua kofia.

"Pole sana, mama. Mmezika salama?"

"Hatujazika," nikamjibu. "Tumeshona sketi."