Manyunyu Yasiyokataza Kazi

Nilikozaliwa, kando ya ziwa, mvua hukupa muda wa kuanua nguo. Unaiona ikija juu ya maji, upepo unatangulia, kisha inamwagika na kwisha. Nilipoolewa huku milimani, si mbali na Magwagwa, nilikuta mvua ya tabia nyingine. Inaning'inia hewani tangu adhuhuri, hainyeshi wala haiondoki, na nywele zako zinalowa bila wewe kusikia tone hata moja.

Mama mkwe wangu aliiita manyunyu. Tulizungumza Kiswahili yeye na mimi, kwa sababu Ekegusii changu kilikuwa cha salamu tu, na lugha ya kwetu yeye hakuijua kabisa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nimewafundisha watoto kwamba manyunyu na rasharasha ni kitu kimoja. Kwa Mama havikuwa kimoja. Rasharasha ni ile inayokufanya ukimbie kuondoa maharagwe kwenye mkeka. Manyunyu ni ile ambayo kitambaa cha kichwa kinaweza kuistahimili.

"Hii ni manyunyu tu," alikuwa akisema, akifunga nailoni kiunoni ili chai isimloweshe sketi. "Manyunyu haikatazi mtu kazi."

Alilitumia neno hilo kila mahali. Mgeni akija na kifurushi kidogo cha sukari, ameleta manyunyu. Chumvi ikipungua kwenye mboga, nimeweka manyunyu. Hata ubatizo wangu hakuuacha. Yeye ni Msabato, alizamishwa mtoni mzimamzima. Mimi Mkatoliki, nilimwagiwa maji utosini nikiwa mchanga. "Wewe walikubatiza na manyunyu," alinitania, "ndiyo maana hukulowa vizuri." Tulilicheka sana jambo hilo.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya likizo. Tulikuwa tukichuma chai shambani kwake, mistari miwili inayopakana, vikapu mgongoni. Ng'ombe alikuwa amefungwa chini ya mparachichi mpakani. Manyunyu yalikuwa yameanza, mepesi kiasi kwamba hatukuyataja. Sikusikia ngurumo kabla. Wingu lenyewe halikuwa jeusi.

Kisha kila kitu kikawa cheupe.

Nilijikuta nimekaa chini kati ya michai, masikio yakipiga mluzi. Palinuka kama waya ulioungua. Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, miguu imekakamaa. Mparachichi ulikuwa umechanika tangu juu hadi shinani. Na yale manyunyu yalikuwa bado yanashuka, taratibu, vilevile kama mwanzo. Hilo ndilo lililonishtua kuliko mlio wa radi.

Mama alikuwa amelala chali, gambuti moja limemtoka mguuni. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakunitazama. Niliweka shavu karibu na pua yake. Hakuwa na pumzi.

Shuleni kwetu walimu tuliwahi kufundishwa huduma ya kwanza kwa kutumia mwanasesere wa plastiki, na tulifanya mzaha muda wote. Sasa nilipiga magoti kando ya mama wa mume wangu, nikaweka viganja juu ya kifua chake, nikaanza kukandamiza. Nilisikia kitu kikivunjika chini ya mikono yangu. Niliendelea. Nikampulizia pumzi mdomoni, nikarudi kifuani.

Jirani yetu, mwanamke wa makamo anayesali pamoja na Mama, alikuja akikimbia kwa sababu ya ule mlio. Alinikuta juu yake namna ile. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Unamfanya nini? Unamuua."

"Niache," nikamwambia. "Tafadhali, niache."

Hakuniacha. Ilibidi nimsukume, akaanguka kwenye michai. Alipoinuka alishuka kilimani akiita watu kwa Ekegusii. Nami nilikandamiza hadi Mama alipokohoa, akavuta pumzi yenye mkwaruzo, akafumba macho kama mtu aliyechoka.

Watu walipofika, tulimpeleka hospitali mjini Nyamira kwa gari la mtu aliyekuwa akipakia ndizi. Nilipompigia mume wangu, ambaye hufanya kazi Kisii, alipokea kabla simu haijaita vizuri. Nilidhani atauliza kama mama yake yu hai.

"Ulimfanya nini mama?" akaniuliza.

Simu ya jirani ilikuwa imetangulia yangu. Nilisimama kwenye veranda ya hospitali, matope yakinikauka magotini, nikitafuta Kiswahili, Kiingereza, lugha yoyote ambayo ingenifaa, nisiipate. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja kwa miaka kadhaa, mtu yule na mimi.

Alifika jioni na yule jirani. Daktari aliwaeleza kwamba radi ilisimamisha moyo, na kwamba mbavu zilizovunjika ni alama ya mtu aliyeurudisha. Mume wangu alitazama sakafu. Jirani alisema kwa upole kwamba daktari ni msomi, lakini radi haipigi hivihivi. Hutumwa, na hutumwa na mtu anayetoka mbali.

Mama alikuwa amelala, sikio lake la kushoto limezibwa kwa pamba. Tulidhani hasikii. Akasema, kwa Kiswahili, ili nami nielewe:

"Huyu alikuwa na mimi. Kikapu chake na changu zilikuwa zinagusana. Kama ni yeye alituma, alijitumia mwenyewe." Akapumzika kwa sababu ya mbavu. "Mlete uji. Na mpatie pia yeye, tangu asubuhi hajakula."

Jirani alikwenda kutafuta uji. Wiki iliyofuata aliniletea mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni bila kusema mengi, nami nikaupokea. Mama alipona, ila sikio lile halikurudi, na ukitaka akusikie sharti ukae kulia kwake. Chai sasa haichumi mbingu zikiwa na chochote, hata manyunyu.

Mume wangu aliniomba radhi palepale wodini, mbele ya mama yake, akilia. Nilimwambia nimesikia. Sikumwambia nimesamehe, hilo lilikuja baadaye, kidogo kidogo, na siku nyingine bado natazama simu ikionyesha jina lake na kusita kuipokea.